Dawa ya Kuinua Saruji

Jacktone Aloo alikuwa akipita mtaa wa West Indies akitafuta mtu wa kumla pesa, alipoona Peugeot safi imeegeshwa nje ya geti la mwenyewe, kama mgeni aliyenyimwa kiti. Akachungulia ndani. Njia ya saruji kutoka getini hadi gereji ilikuwa imedidimia katikati, maji ya mvua yametuama, na bata wawili wanaogelea humo. Jacktone akafurahi. Mwenye gari kama lile na njia kama ile, aliwaza, ni tajiri tena bahili, na watu wa aina hiyo ndio waliomlisha tangu afukuzwe kazi ya barabara kwa kuuza sururu za serikali.

Akavaa helmeti yake ya njano, akabisha.

Mwenye nyumba alikuwa Simeon Nderitu, mwenye duka mjini, mtu aliyepima sukari kidole kikiwa juu ya mizani. Alitaka udiwani. Baada ya wiki tatu angefanya harambee hapo nyumbani, na wakubwa wa chama wangekuja na Mercedes zao. Mkubwa ambaye gari lake limekwaruzwa tumbo hampi mtu baraka za chama.

"Kontrakta wa Nakuru anataka kuvunja," Nderitu alilalamika. "Kwa pesa aliyotaja ningejenga kanisa."

"Mzee, kuvunja ni mambo ya zamani. Mimi natumia dawa. Tunatoboa vishimo, tunamimina, udongo unafura, saruji inapanda yenyewe kama mandazi."

"Bei?"

"Nusu ya huyo wa Nakuru. Lakini nalipwa kwanza. Dawa inatoka ng'ambo."

Nderitu, ambaye hajawahi kumkopesha mjane hata kibiriti, akalipa yote. Neno nusu lilikuwa limemlevya. Alichukua tu kipande cha Jacktone, yaani kitambulisho chake, kiwe rehani, akamwachia mkewe, Virginia Nduta, kisha akaenda Timboroa kununua viazi kwa wiki mbili. Jacktone hakujali. Mama aliyekaa kimya akifuma sweta angetoa kipande hicho kwa maneno mawili matamu.

Kesho yake akaja na pipa, akamimina uji mweupe kwenye vishimo, akajipangusa jasho ambalo halikuwepo.

"Tayari, Mama. Itapanda polepole. Nipe kipande changu niende."

Nduta akachovya kidole ndani ya pipa, akanusa.

"Hii ni chokaa. Ndiyo nilipaka jikoni."

"Imechanganywa na kemikali, Mama."

"Imechanganywa na maji ya mfereji wangu. Nilikuwa dirishani." Akaendelea kufuma. "Lakini enda tu. Kipande nitampa ndugu yangu. Ni sajini hapo stesheni, atakutafuta akurudishie."

Miaka ile, bila kipande mtu hakufika mbali kabla ya kulala selo. Jacktone akakaa chini.

"Sasa niambie," Nduta akasema. "Kama ungekuwa mtu wa haki, ungetengeneza vipi?"

Jacktone akatazama ile njia, na kwa aibu yake akagundua kwamba anajua. Maji ya paa yalimwagika kando ya saruji na kuula udongo wa chini. Ilifaa kuvunja pale katikati, kutoa matope, kushindilia murram, ule udongo mwekundu wa barabara, tabaka kwa tabaka, kumwaga saruji upya, na kuyapeleka maji ya paa kwenye mtaro.

"Pesa ulizopewa zinatosha?"

"Zinatosha, Mama. Zinabaki."

"Zilete."

Basi yule bingwa wa maneno akashika sururu kwa mara ya kwanza bila nia ya kuiuza. Alivunja, akachimba, akashindilia hadi viganja vikatoka malengelenge. Nduta alikaa kibarazani na sweta lake. Kila Jacktone alipopumzika kidogo, alisema bila kuinua macho, "Hapo bado panabonyea." Na palikuwa panabonyea kweli.

Nderitu aliporudi alikuta njia imenyooka.

"Mbona hapa katikati rangi ni tofauti?"

"Ni dawa," Nduta akamjibu. "Inatoa weupe."

"Nilijua," akasema Nderitu, ambaye hakujua kitu.

Siku ya harambee Mercedes ziliingia bila mkwaruzo, na Nderitu akahubiri zaidi habari za dawa kuliko za shule iliyokuwa ikichangiwa. Wakubwa wakatikisa vichwa kwa busara. Mmoja wao, Wepukhulu, mtu wa tumbo na fimbo, ambaye njia yake pia ilikuwa imezama, akamwita kando Jacktone, aliyekuwa bado akingoja kipande chake, akafungua pochi.

"Mimi nataka hiyo dawa. Nusu ya bei, si ndiyo?"

Jacktone alihisi maisha yake ya zamani yakimrudia. Akanyoosha mkono. Mkono mwingine, laini, wenye alama za sindano za kufuma, ukapokea zile noti kabla yake.

"Injinia wangu hashiki pesa," Nduta akamwambia Wepukhulu kwa heshima. "Inamchanganya akili. Atakuja Jumatatu na sururu yake."

"Sururu ya nini, kama ni dawa?"

"Ya kukorogea, Mheshimiwa."

Wepukhulu akaridhika. Jumatatu asubuhi Jacktone alikuwa ndani ya shimo la pili, matope hadi magotini, na kipande chake kikiwa bado ndani ya mkoba wa Mama Nduta, ambaye alikuwa amekuja na kiti chake mwenyewe.