Spika ya Risasi ya Kalamu

Jumatano, 4 Juni 2014. Runyenjes.
Gazeti lililofungiwa nyama limenifumbua macho! Wanasayansi wamepata grafini: utando wa kaboni, mwembamba kupita ngozi ya kitunguu, mgumu kushinda chuma. Huenda siku moja spika zitaundwa nayo, sauti itoke safi kama maji ya mto Thuci. Inatokana na nini? Risasi ya kalamu! Kwa nini tungoje siku moja?

Spika ya kanisa imepasuka. Inakoroma katikati ya zaburi. Mwirigi, anayekodisha vyombo vya muziki, ameahidi kamati spika mpya ikiwa atapewa ufunguo wa kabati la mitambo. Ufunguo huo ninao mimi. Tangu vita vya mashamba vinihamishe kwetu, hapa naitwa mgeni. Nikifungua lile kabati tu, naitwa mzee wa kanisa. Simwachii.

Jumapili, 8 Juni.
Nimetangaza kanisani kwa Kiswahili sanifu, ili Wameru, Waembu na Wakamba waelewe: Jumamosi ni siku ya kalamu kwangu, kuokoa spika, msikose. Makofi! Nelius wa kwaya alipiga vigelegele. Sikujua watu wa hapa wanaipenda sayansi hivi.

Jumamosi, 14 Juni.
Balaa. Wamekuja na watoto. Na sahani! Kalamu hakuna. Nelius akauliza mbuzi yuko wapi. Mbuzi wa nini? Akasema, "Mzee, karamu bila nyama ni matanga." Lakini nilisema kalamu! Waziwazi! Ntinyari, mke wangu, akaninong'oneza kwamba nilisema karamu, na hata sasa nasema karamu. Uongo. Ulimi wangu umesoma. Mwirigi akaniambia nisijali, Profesa, yeye atamshika mbuzi miguu.

Beberu wangu kaliwa hadi kwato. Nimepata kalamu moja, ya Nelius. Alikuwa akichokolea meno.

Jumapili, 15 Juni.
Nilisaga risasi, nikaikoroga na gundi, nikaipaka spika. Ubeti wa kwanza: sauti ya malaika, naapa! Wa pili: cheche. Wa tatu: moshi, na amplifaya ikafa. Nyumbani nimegeuza gazeti. Nyuma, chini ya doa la damu, wameandika kwamba risasi ya kalamu hupitisha umeme.

Ufunguo anao Mwirigi, hadi waumini wapige kura Jumapili ijayo. Nilipomkabidhi hakucheka. Hilo liliniuma zaidi.

Jumatatu, 16 Juni.
Nyama ya leo imefungiwa habari kubwa kuliko ile: spika za almasi! Nikirudishiwa ufunguo, naanza na pete ya Ntinyari.

Kanisa linanuka moshi, basi nimejitolea kura ipigwe uani kwangu. Ntinyari anashauri niandike tangazo, Nelius alisome. Mtu aliyesoma hasomewi! Nimefanya mazoezi ya L tangu alfajiri, ulimi kwenye meno, mpaka kuku wakahama ua. Kisha nikazunguka soko zima, na kila muumini nikamwambia kwa L nzito, isiyoteleza hata kidogo: Jumapili, baada ya ibada, njooni wote kwangu, ni siku ya kula!

Wamefurahi ajabu. Nelius ameuliza kama alete sufuria.

Ya kutumbukizia karatasi, bila shaka. Huyu sasa yuko upande wangu.