Baba wa Namba Kumi na Saba

Sheria ya Nchi ya Mawingu, ule uwanja wa watoto wa ghorofa ya tatu pale madukani mjini Makassar, ilibandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: mtoto haingii bila mkubwa, mkubwa hatoki bila mtoto wake. Wazazi waliisoma wakanuna. Anca aliisoma akatabasamu, maana siku zote watu wanapochukia sheria, yeye ndipo hupata riziki yake.

Na siku hiyo riziki aliihitaji hasa. Alasiri alitakiwa afike kwa Haji Makkasau kumposa Hasnidar, na afike na pete. Mara mbili alishaahidi, mara mbili Haji akamngoja na sinia za keki mpaka nzi wakashiba. "Akikosa na leo," Haji akaapa, "binti namwoza kwa Rustan muuza gesi." Hasnidar alimpenda Anca, kwa nini sijui. Na Anca, pamoja na uongo wake wote, alimpenda Hasnidar kweli. Hilo tumhesabie kwenye mema, maana hana mengi.

Shule zilikuwa zimefungwa. Akina mama walipanga foleni, macho yakiwa ghorofa za chini kwenye nguo zilizopunguzwa bei.

"Mama, usihangaike," Anca alimnong'oneza wa kwanza. "Naingia na mtoto mimi, namchezesha, wewe unazunguka madukani. Rupia elfu hamsini tu. Na kwa siku nachukua mtoto mmoja, nisije nikagawa mapenzi."

Mama akatoa. Huyo mtoto aliporudishwa, wa pili naye akaambiwa ni mtoto mmoja tu kwa siku. Wa tatu akaomba apunguziwe, akapunguziwa, akaondoka akijiona yeye ndiye mjanja wa mji. Huko ndani watoto walirukia bwawa la mipira na mlezi wao akakoroma kwenye kona ya vikaragosi.

Kasma, msichana wa mlangoni, akashtuka. "Kaka, wewe una watoto wangapi?"

"Wale wa dada zangu. Wangu bado wako njiani."

"Basi naingiza wako tu. Wa dada zako wametosha."

Anca alikuwa bado anawaza atazaa wapi kwa haraka hivyo, alipotokea bibi mmoja aliyevaa ushungi mweupe, ana watoto watano na bangili ya dhahabu nene kama kidole.

"Mwanangu, miguu imeniisha," bibi akalalamika. "Nataka nikaswali adhuhuri, nichague na kitambaa. Pesa nimesahau nyumbani. Shika hii bangili mpaka nirudi."

Bangili ikaingia mfukoni kabla bibi hajamaliza kusema. Anca akawainamia watoto. "Sikilizeni. Hapa mimi ni Baba. Kila anayeniita Baba, pipi moja."

"Baba!" wakaitika wote watano, na bibi akacheka mpaka akajifuta machozi.

Kasma akawafunga wote sita vikanda vya plastiki vya njano, vile visivyovuliwa ila kwa mkasi: FAMILIA 17.

Sasa tuseme ukweli mchungu. Anca hakukusudia kumngoja bibi. Pete ya nini, na bangili kama ile anayo? Watoto walipozama kwenye mipira, akajipangusa, akaelekea mlangoni peke yake, anapiga mluzi.

"Kumi na saba," Kasma akasoma mkono wake. "Na wengine watano?"

"Nakwenda chooni mara moja."

"Choo kiko ndani. Soma mlangoni, Baba Watano. Au unataka kutupa wanao, niite askari?"

Anca akarudi kungoja. Bibi hakuonekana. Jua likainama, na alasiri ikawa inabisha hodi.

"Bibi yenu anakaa wapi?" akamuuliza Tenri, msichana mkubwa wao.

"Si bibi yetu. Ni mwenye nyumba wetu. Kawaambia mama zetu tutacheza, halafu wewe utatupeleka kwenye keki."

Mtu mwenye akili zake angesimama hapo akajiuliza. Anca alikuwa na haraka. Akawakusanya watano wote, akakodi gari, na pesa za akina mama watatu zikaishia kwa dereva na kwenye pipi.

"Huko tuendako mimi si Baba," aliwaonya garini. "Mimi ni Mjomba. Anayenyamaza, pipi mbili."

"Onyesha," akasema Tenri.

Anca akageuza mifuko. Pipi zilikwisha.

Walifika wakati uleule uliotakiwa. Haji Makkasau alisimama mlangoni na kofia yake ya sherehe, uso umemkunjuka. "Leo umewahi, mwanangu! Na hawa?"

"Wa jirani, Haji. Nimewatoa matembezi."

Hasnidar akachungulia pazia, akamchekea kwa macho. Laiti mambo yangeishia pale. Lakini Aco, mdogo wao wote, alikuwa ameona sinia.

"Baba, nataka keki!"

Wenzake wakakumbuka neno lile linavyolipa. "Baba! Baba! Baba!"

Haji akaushika mkono wa Aco, akausoma. Akaushika wa Anca, akausoma pia. FAMILIA 17, yote miwili.

"Mashallah, watano!" sauti ikatoka upande wa wanawake. "Na mama yao yuko wapi?"

Anca akageuka. Ushungi mweupe, kipande cha keki mkononi, na kando yake Rustan muuza gesi, akiba ya Haji, ndani ya shati jipya, anatazama magoti yake.

"Huyo ni Hajjat Saebe, mama yake Rustan," Haji akasema, kwa sauti baridi. "Amehamia juzi kwenye nyumba zake za hapa mjini, kutoka Bone. Mjibu."

"Haji, huyu mama ndiye aliyenipa hawa watoto! Ushahidi ninao hapa!" Mkono wa Anca ukazama mfukoni.

Hajjat akauinua mkono wake mtupu, wote wauone. "Jamani, niombeeni dua. Leo nimeibiwa bangili kule madukani. Aliyenayo Mungu anamwona."

Mkono wa Anca ukabaki mfukoni.

"Ushahidi gani?" Haji akauliza.

Anca akamtazama Hasnidar. Baba wa watoto watano, au mwizi wa bibi kizee? Maisha yake yote hakuwahi kukosa uongo wa tatu, ila leo.

"Hamna, Haji," akasema. "Ni wangu."

Pazia likafungwa. Nyuma yake akasikia Hasnidar akilia, na kilio kile kilimuuma kuliko aibu yote.

Nje, Tenri akakinga kiganja. "Bibi kasema unipe bangili."

Akampa. Gari lilishaondoka, na nauli ya jingine hakuwa nayo. Wakaanza kutembea. Hatua chache tu, Aco, mashavu yamejaa keki, akasimama barabarani akanyoosha mikono.

"Baba, nibebe."

Safari hii hakutaka pipi. Anca akambeba.