Kitabu Kilichoota Mwisho

Jumamosi, 10 Januari

Muujiza! Signe, binti yangu wa miaka kumi na sita, ambaye tangu Septemba huniambia "poa" na kufunga mlango, amekubali tusome kitabu pamoja. Cha vijana, jalada jeusi tii. Mji uko chini ya ardhi; kila mtoto akitimiza miaka kumi na sita, majirani humpigia kura kwa mawe: abaki, au atolewe nje gizani. Sura moja kila jioni, kwa sauti, kochini. Sharti moja: hakuna kutangulia. Nikitangulia, atamaliza peke yake. Nimeapa, mkono kifuani.

Jumapili, 11 Januari

Sura ya pili imeishia Ilka, msichana wa kitabuni, kashikwa kifundo cha mguu na mkono usio na mwenyewe. Signe akafunga kitabu, akaenda kulala. Binadamu gani huyu? Kamrithi mama yake.

Jumanne, 13 Januari

Mpango. Signe yuko shuleni, kitabu kiko mezani. Nimekitia kwenye ndoo ya chambo, nikaenda nacho kwenye kibanda changu cha kuvulia samaki, juu ya ziwa lililoganda. Barafu nene, jiko linawaka, hakuna shahidi ila samaki. Sura nne!

Verlyn, mwenye kibanda cha jirani, akaingia bila kubisha, akanikuta nalia. Nikamwambia ni moshi. Akalitazama jalada (kiapo changu nilimsimulia mwenyewe), akasema kiuno kinamsumbua, na theluji imeziba njia yake ya gari.

Nimesukuma theluji ya Verlyn. Dhalimu. Jioni kochini nilishtuka kwa ustadi mkubwa.

Alhamisi, 15 Januari

Janga. Kwa siku tatu za wizi nimefika sura ya kumi na tisa, mawe meusi yanahesabiwa, mara fimbo ya kuvulia ikapinda. Samaki mkubwa! Nikasimama. Kitabu kilikuwa mapajani. Tundu la kuvulia kwenye barafu lilikuwa miguuni.

Samaki naye akaenda zake.

Nimeendesha gari hadi mjini Duluth, nikapata nakala nyingine. Nikaikunja mgongo, nikaitia doa la kahawa palepale lilipokuwa kwenye ile ya kwanza. Na kwa kuwa ilikuwa mkononi, nikaimaliza kwenye maegesho. Sikukusudia, macho yalikwenda yenyewe. Nililia mpaka mlinzi akagonga kioo.

Ijumaa, 16 Januari

Signe alikichukua, akakipima mkononi, akafungua nyuma.

"Baba," akasema, "kitabu changu kimeota mwisho."

Kumbe siku ya kwanza kabisa aliikata sura ya mwisho kwa wembe, akampa bibi yake aitunze. Kwa sababu ananijua, alisema. Akauliza chake kiko wapi. Nikasema ziwani. Akauliza ziwani wapi. Nikasema chini.

Akapanda chumbani. Mlango. Hata "poa" sikupewa. Mke wangu Janelle anasema kura yake ni nitolewe nje gizani.

Jumamosi, 17 Januari

Kochi hili ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Nikagonga mlango wake, nikakiri yote: ndoo, moshi, maegesho. Nikasema amalize peke yake, sitatia neno.

Akauliza nyuma ya mlango, kwa sauti ndogo: "Ilka anabaki?"

Kumbe zile kurasa alizikata kwa kujihofia na yeye! Kanirithi mimi, maskini. Nikabana mdomo, na ilikuwa kazi kuliko theluji ya Verlyn.

"Njoo basi," akasema. "Ila usinishtukie kwa uongo. Unashtukaga kabla sijafika kwenye nukta."

Tumesoma sura mbili.

Jumatano, 11 Machi

Kitabu cha pili kimetoka. Nimeapa tena, mikono yote miwili kifuani. Signe kakata mwisho, kampelekea bibi yake. Bibi yake anapenda sana keki ya limau. Nimepita kwake asubuhi.

Naandika haya kibandani. Mtu hujifunza, jamani: safari hii kitabu nimekifunga kwa mshipi, ncha nyingine kwenye kifundo cha mkono wangu. Hakiendi popote. Zile kurasa za bibi zimelala mapajani, zinangoja zamu yao.

Fimbo imeanza kupinda.