Koti la Kuombea Kazi ya Bomba

Jumapili, 1 Februari 2026

Nimeitwa usaili! Fundi bomba, hoteli mpya, Jumatano saa tatu asubuhi, Chake Chake. Nafasi ni moja. Nimeusoma ujumbe wa simu mbele ya mke wangu, Mwanapili, kwa sauti ya hotuba. Kafurahi, halafu kanikumbusha makubaliano yetu: nikiikosa hii, basi, nakwenda Mgogoni kulima muhogo na kaka yake, Nyange.

Shemegi Nyange ni mtu mwema. Tatizo lake anasimulia. Ana habari ya operesheni yake ya kidole tumbo. Huianza asubuhi, na ikifika adhuhuri daktari bado hajanawa mikono.

Lazima niipate.

Jumatatu, 2 Februari

Habari mbaya. Mbarouk naye kaitwa. Ndiye fundi bomba mwingine hapa Ole, na kila nyumba ikivuja tunagombea mimi na yeye.

Nimepita kwake nikijifanya namjulia hali mama yake. Haja yangu ilikuwa kuchungulia kamba yake ya nguo. Nimeona ovaroli ya buluu, imefuliwa, kifungo kimeshonwa upya. Basi! Nimerudi nacheka peke yangu. Mtu anakwenda mbele ya wakubwa kavaa kama anakwenda kuzibua choo.

Mwanapili kasema na mie niende vivyo hivyo: nguo safi ya kazi, viatu vya kufunga, vyeti kwenye bahasha, mkoba wa vifaa begani. Nimemweleza kwa upole kwamba mambo haya yana saikolojia yake. Nguo ya kazi huivaa aliyekwisha kuipata kazi.

Jumanne, 3 Februari

Mpango umekamilika. Kanzu yangu ya Idi. Kofia ya kiua aliyoishona Mwanapili mwenyewe. Na koti jeusi la harusi la binamu yangu Othman, kaniazima. Linanibana kwapani, lakini nikisimama bila kupumua sana, napendeza.

Nimemwomba Mwanapili anifukizie nguo udi. Kaniuliza kama mabomba yana pua. Kafukiza hata hivyo.

Mkoba wa vifaa nitauacha. Unaliharibu koti.

Kupitia maswali? Sikupata wakati. Nilikuwa kwenye kioo.

Jumatano, 4 Februari

Naandika nimejifunga shuka. Kanzu iko kambani.

Nilipofika ukumbini bawabu alisimama, akanipa mkono kwa mikono miwili, akasema karibu Shehe, wanakungoja. Nikajua koti linafanya kazi. Kumbe walikuwa wamemwalika shehe aje kufungua kikao kwa dua, na shehe kachelewa. Nikapelekwa moja kwa moja meza kuu, nikakalishwa kati ya Bi Khairiya, mkuu wa ajira kutoka Unguja, na Injinia Yussuf. Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini kiti kilikuwa na mto, na mbele yake sahani ya sambusa.

Nikaomba dua. Ilikuwa dua nzuri. Niliomba kazi imwendee anayestahiki, na moyoni nikaongeza jina.

Wa kwanza kuingia, Mbarouk. Ovaroli yake, viatu vyake, mkoba wake. Aliniona. Hakushtuka hata kidogo. Alisalimia wote, akamalizia kwangu kwa kuinama.

"Shehe," akasema, "na sie tuombee. Hali zetu unazijua."

Wakamuuliza bomba likipasuka ataanza na nini. Akasema anafunga koki ya maji. Injinia, kwa heshima, akanigeukia kutaka maoni yangu. Nikasema jibu si baya, ila kabla ya koki iko nia. Wakaitikia kwa vichwa. Bi Khairiya akaandika.

Halafu akaita: "Hija Suhail."

Ndilo jina langu, lakini mdomo ulikuwa umejaa sambusa. Akaita tena. Akasema huyu hakuja, tumfute, akashusha kalamu. Hapo nikamwona Nyange na jembe lake, na daktari ndiyo kwanza anavaa glavu.

"Ndiye mimi," nikasema.

Injinia akaniuliza taratibu, na shehe je? Nikamwambia dua imeshapita, haihitaji kurejewa.

Bi Khairiya alicheka mpaka akavua miwani. Akasema haya, uani, jaribio. Palikuwa na bomba limetiwa ufa makusudi, niliunge. Vifaa? Nikapapasa mifuko ya koti. Nilipata kadi ya harusi ya Othman. Mbarouk akafungua mkoba wake, akanipa spana. Aliifuta kwanza kwa kitambaa, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikaipandisha kanzu nikaifunga kiunoni. Koti nikalitafutia pahala pasipo na vumbi. Mawazo yote kwenye koti! Nikalegeza kiungo. Koki ilikuwa wazi. Maji yakanipiga kifuani, mengine yakaingia kwenye viatu vya Injinia, na uani pote pakanukia udi kama tumeleta bibi harusi.

Nikafunga koki, nikakata, nikazungusha tepu, nikakaza. Halikuvuja hata tone. Lakini nani angeangalia bomba.

Ijumaa, 6 Februari

Baada ya sala Bi Khairiya kapiga simu. Kazi kapewa Mbarouk. Nimekaa kitako barazani. Mwanapili kaanza kunikunjia nguo za Mgogoni, polepole, bila kunitazama.

Lakini simu ilikuwa haijakatika. Injinia kaenda kukiangalia kiungo changu asubuhi, kakikuta kikavu, na hoteli ina vyoo vingi mno kwa mtu mmoja. Wananitaka niwe msaidizi wa Mbarouk, kuanzia Jumatatu. "Na tafadhali, Bwana Hija," kasema Bi Khairiya, "uje na nguo za kazi."

Mwanapili kapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Nyange nimempelekea salamu: muhogo na aulime salama.

Jumamosi, 7 Februari

Nimelitafakari neno la Bi Khairiya. Nguo za kazi, kasema. Hakusema kazi ya nani.

Nimewaona wasimamizi pale hotelini. Shati jeupe la mikono mirefu, tai, kalamu mfukoni. Mgeni wa hoteli akitukuta wawili, mmoja kalala chini ya sinki na ovaroli, mwingine kasimama na tai, hapo nani atauliza bosi ni yupi? Nimekwenda kwa jirani yetu, mwalimu wa skuli, kanipa tai nyekundu.

Mwanapili kaniuliza nikiingia chini ya sinki hiyo tai nitaiweka wapi.

Nimemwambia mie chini ya sinki siingii.