Unyevu wa Asilimia Mia kwa Mia

Ndugu Katibu wa Wilaya. Ndugu Katibu wa Katibu wa Wilaya. Wakulima wa tumbaku wa Hoyo del Cedro. Ndugu Msomaji wa kiwanda, unayewasomea wasokotaji riwaya wakiwa kazini, na ambaye leo umenipisha nisikike mimi. Wageni wetu kutoka Havana, ambao basi lao limeharibika njiani lakini kimawazo tuko nao. (Mtu anapiga chafya.) Na wewe pia uliyepiga chafya: mimi, Leovigildo Fundora, Naibu Mratibu Mkuu wa Mchakato wa Unyevu, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa ambao wengi wamenisifia. (Makofi ya safu ya mbele.)

Ndugu zangu, sigara zetu nene za kusokota kwa mkono si kitu cha kusukumiwa chini ya kitanda. Tangu enzi za mababu mmezihifadhi kwenye masanduku ya mwerezi, kwa unyevu wa asilimia sabini au hata pungufu, mkidai ndipo zinapozeeka vizuri. Sabini! Nauliza kwa uchungu: tangu lini wilaya inayovuka malengo ya viazi, ya maziwa na ya gwaride ikaridhika na sabini? Kamati yangu, baada ya vikao shirikishi, semina elekezi na ziara moja ya mafunzo ufukweni, imeazimia kwamba Ghala la Kuzeeshea Sigara litakuwa na unyevu wa asilimia mia moja, na kufikia mwisho wa mwaka, kwa juhudi za ziada, asilimia mia na ishirini! (Sauti kutoka nyuma: "Hilo si ghala, baba, ni kisima!" Kicheko.)

Namsikia Mzee Bienvenido akinong'ona kwamba zitaota ukungu. Ukungu, ndugu, ni ushahidi kwamba unyevu umemfikia mlengwa.

(Mama mmoja anasimama: "Leovigildo, mwanangu, porojo baadaye! Sanduku la marehemu mume wangu liko wapi? Zile sigara alizisokota binti yetu Yamilka alipozaliwa, zivutwe siku ya harusi yake. Na harusi ni Jumamosi!")

Asante, Bi Eneida, kwa swali zuri ambalo mkakati wetu umekwisha kulijibu. Mliombwa mkabidhi masanduku yenu, mkakabidhi. Huo peke yake ni ushindi. ("Nimeuliza liko wapi!") Liko kwenye mchakato, mama. (Zomeazomea. Bendi ya shule inaanza kupiga bila kuambiwa.)

Nahitimisha. Unyevu kwanza! ("Sigara zetu!") Mia kwa mia! ("Zirudishe!") Nawashukuru vijana waliofunga utepe huu mzuri wa uzinduzi kwenye nguzo mbili, mahali ambapo ghala lingekuwapo endapo tungekuwa tumekubaliana pa kulijenga. Na shukrani za pekee zimwendee marehemu Eulogio, mume wa Bi Eneida, ambaye sigara zake ndizo zilizotuvusha katika vikao vyote vya kutafuta kiwanja. Bi Eneida, nasema kutoka moyoni: zilikuwa zimezeeka vizuri mno, hadi ile ya mwisho.

(Bi Eneida anavua kiatu.)