Mashua Iliyongoja Video ya Mkurugenzi

Wananchi wote wa wilaya ya Rusizi walitangaziwa kwa furaha kubwa kwamba, kuanzia siku hiyo, hakuna chombo cha umma kitakachofanya kazi kabla hakijazinduliwa kwa video ya ubora wa juu kabisa. Tangazo lilitoka Idara ya Uzinduzi, kwa Mkurugenzi Gratien, mtu makini aliyeamini kwamba kitu kisichozinduliwa bado hakipo.

Kwa hiyo mashua ya wagonjwa ya Nkombo haikuwapo. Ilikaa ufukweni kisiwani chini ya turubai, injini mpya, machela ndani, ikingoja hotuba. Video ya hotuba hiyo ilipelekwa Kigali kutiwa muziki, ikarudishwa kwa mtandao, na hapo maji yakazidi unga. Faili lilikuwa zito mno. Lilipakuliwa asubuhi nzima, likakaribia mwisho, mtandao ukakatika, likaanza upya.

"Tupunguze ubora," alishauri Uwimbabazi, katibu wake. "Itafunguka mara moja."

Gratien alisikitika. "Nilijaribu. Kwa ubora mdogo nafanana na naibu."

Maman Mukandayisenga alivuka ziwa kwa mtumbwi kuja kumwona. "Papa Direkteri, muke wa mutoto wangu iko karibu kuzala. Mashua iko pale, hospitali iko huku. Tunangoja nini tena?"

"Subira huvuta heri, Maman."

"Mimba haina subira, Papa."

Gratien alimhurumia kwa dhati, akaamuru mimba hiyo iwekwe katika hali ya kusubiri mtandao.

Hatimaye alikata shauri: video ichezwe Nkombo moja kwa moja kutoka mtandaoni. Boti ya ofisi ikawaleta yeye, mgeni rasmi kutoka Kigali, na Latifu wa kufunga spika. Kando ya turubai, mkwe wa Mukandayisenga alikuwa amelala kwenye mkeka, uchungu umemshika.

Gratien akatokea kwenye skrini, akasema "Ndugu wananchi," akaganda, kinywa wazi. Duara likaanza kuzunguka katikati ya paji la uso wake. Gratien mwenyewe alilipigia makofi, wafanyakazi wake wakamfuata. Mwanamke kwenye mkeka alilia kwa sauti.

"Latifu aeleze!" alipiga kelele Mukandayisenga.

Kila mtu alielewa. Kule mjini Kamembe, Latifu ndiye anayezielezea filamu za kigeni ukumbini, akizungumza juu ya sauti za waigizaji, na hakuna aliyewahi kuuliza kama kweli walisema hivyo. Gratien aliona ni heshima kuelezewa kama filamu, akampa kipaza sauti.

Latifu aliitazama sura iliyoganda. "Hapa Direkteri anasema hivi: 'Bandugu, nimekosa. Hii mashua haikununuliwa juu ya kuonyesha sura yangu. Iingie mu maji sasa hivi. Ufunguo ikae na infirmie mwenye kutunza bagonjwa hapa Nkombo, hapana mu biro yangu. Na mafuta batoe mu boti yangu.'"

Mgeni rasmi alisimama, akapiga makofi mpaka miwani ikamteleza. "Ndivyo ulivyosema, Mkurugenzi?"

Angekataa, ingebidi aonyeshe alichosema. Gratien aligeukia skrini. Duara lilikuwa bado linazunguka.

"Ndivyo," alisema. "Kwa muhtasari."

Turubai ikavutwa, mafuta yakahamishwa, mama mjamzito akabebwa kwa machela. Mgeni rasmi aliondoka nao. Mkurugenzi alirudishwa na wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa hilo, ameketi juu ya nyavu mbichi. Mtoto alizaliwa hospitalini Gihundwe, wa kike, akalia bila kuzinduliwa na mtu.

Jumatatu Gratien aliwakuta watu wa Gashonga mlangoni pake, na Latifu kati yao.

"Papa Direkteri, siye tuko na pompi ya maji, ungali hujaizindua. Tunaomba video, ile yenye haifunguke."

Gratien alitabasamu kwa fahari. "Mna bahati. Leo mtandao uko safi kabisa."

Walitazamana, wakaketi kwenye ngazi.

"Basi tutangoja ikatike."