Vita vya Neno "Bomba" katika Baraza la Mafundi

Kaeni kitako, enyi mnaonunua bando na kunyamaza, mkatege masikio. Kwani hapa panasimuliwa vita alivyopigana Mgane wa Spana, nguli wa mifereji, mzibuaji wa masinki yaliyowashinda watu wazima, kwa ajili ya neno moja tu.

Jueni kwanza uwanja wa mapambano. Baraza la Mafundi ni kundi katika ule mtandao usio na tajiri mmoja, ambamo kila kundi lina seva yake, sheria zake na msimamizi wake, na seva hizo hupokezana maneno ya watu kama majirani wanavyopeana moto. Mafundi waliahidiwa kwamba humo hamna mabwana. Kumbe badala ya bwana mmoja wakapata mabwana mia, kila mmoja na kijiufalme chake. Na aliyewaangukia wao alijiita Msimamizi Mkuu, ingawa hapakuwa na mdogo.

Huyo, kwa uvivu wa kufikiri, wiki ile aliazima kichujio cha maneno mabaya kutoka seva ya wageni, akakitundika mlangoni bila kukisoma. Katika lugha ya wageni hao, herufi nne za mwanzo za "bomba" ni bomu la kuua watu. Basi katika baraza la watu wanaoshinda wakiunga mabomba, bomba likawa tishio kwa usalama!

Siku hiyo ulitimia mwaka tangu mke wa Mgane azikwe. Shujaa akaketi juu ya ndoo aliyoifudikiza, akafuta grisi vidoleni, akawaandikia ndugu wa marehemu waliotapakaa katika seva nyingine: "Mke wangu alikuwa bomba." Ndivyo alivyomwita tangu uchumba, naye mke alikuwa akijibu, "Basi usinikaze sana."

Kichujio kikalirukia andiko lile, kikalimeza. Ikashuka hukumu: "Umetishia vurugu. Ukirudia, akaunti yako itafutwa." Na ndani ya akaunti hiyo ndimo zilimokuwa salamu zote alizotumiwa na mkewe kutoka wodini.

Shemejiye, mdogo wa marehemu, akapiga simu.

"Shemeji, andika 'mzuri', yaishe."

"Mzuri? Hata kabati huitwa zuri."

"Basi hama, njoo seva yetu."

"Nikihama, wanaonifuata watakuja. Maneno ya dada yako yatabaki huku na hawa mbwa."

"Shemeji, ulimi huo!"

"Mbwa linapita. Nimeshalijaribu."

Ndipo Mgane akamwendea Msimamizi Mkuu mbele ya baraza zima, akanena kwa maandishi: "Ewe uliyekalia kiti ambacho hakuna aliyekigombea, niachie neno langu, kwani ni jina la mke wangu na ni ugali wa watoto wa mafundi hawa."

"Mzee wangu," akajibu yule, "mfumo haukosei. Wataalamu wameupima."

Sasa Mgane alikuwa ameyapitia matangazo yote ya zamani ya mkubwa huyo, wala hakuona hata moja lililomalizika bila majigambo yale yale. Akajivika unyenyekevu kama ovaroli. "Naam, kiongozi. Sisi wa darasa la chini hatuelewi haraka. Hebu tueleze wote, huo mfumo unafanyaje kazi?"

Msimamizi Mkuu, ambaye hajawahi kuziachia sifa zimpite, akavimba, akaandika: "Ndugu mafundi, mfumo wetu uko bomba kabisa!"

Kichujio hakijui cheo. Kikamkaba, kikamtangaza mtishia vurugu, kikamfungia nje ya baraza lake mwenyewe.

"Gaidi!" akaandika mchomeleaji.

"Kiongozi, weka silaha chini, utoke mikono juu!" akaandika fundi umeme.

Funguo za mtambo alikuwa nazo, ila ili ajifungulie mlango ilimbidi kwanza alifungue neno. Akalifungua, kisha akatangaza bila haya: "Uongozi umesikia kilio cha wanachama." Ndivyo walivyo wakubwa! Kilio hawakisikii mpaka kitoke kooni mwao.

Mgane akaandika upya. Neno likapita mlangoni, likavuka hadi seva ya mashemeji, na jibu likarudi: "Alikuwa bomba kweli, shemeji."

Na iingie katika tarehe za mataifa, kwamba siku hiyo, kabla hajaitwa kuzibua choo cha mkubwa mwingine, mgane mmoja alimsifu mkewe kwa neno alilolitaka mwenyewe, na dola nzima ya Msimamizi Mkuu ikashindwa kumzuia.